Gari dogo la bei nafuu la kuvuta nyuma ya motahomu, matairi yote manne chini: nichukue lipi?

Mzururaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi na mke wangu tuna motahomu (gari lenye nyumba ndani yake) ya saizi ya kati, mwaka wa pili huu tunazunguka nayo. Raha tupu, mpaka pale umeshaegesha kambini, umeshusha miguu ya kusawazisha, umeunganisha maji na umeme, umekaa kitini, halafu mtu anakumbuka hakuna mkate. Basi unafungua kila kitu upya, unakwenda kununua mkate mmoja na nyumba nzima mgongoni, vikombe vinagongana kabatini kila kona. Tumechoka.

Tumeamua kutafuta gari dogo la kuvuta nyuma. Trela sitaki, kambi nyingi hazina pa kuliweka. Nataka lile la kufunga, kuvuta na matairi yake manne chini, nikifika nafungua nakwenda zangu.

Nimepata Honda CR-V ya 2016, ya soko la Marekani, otomatiki, safi, mmiliki mmoja, bei haiumi. Rafiki yangu anavuta CR-V miaka yote na hajawahi kulia. Muuzaji naye kaniambia, "weka nyutro, twende". Nimeshatoa kishika uchumba. Kwenye chuma cha nyuma cha motahomu kuna bamba linasema mwisho kilo 2,270, kwa hiyo uzito si tatizo.

Naomba maoni kabla sijamalizia hela.

---

Kipusa88

Nimekaa kiti cha mbele kabisa. Na mimi natafuta hilo hilo.

---

FundiSpana

Mkuu, kishika uchumba kinarudishwa?

Nauliza kwa sababu hiyo ya 2016 ukiivuta matairi manne chini utaiua giaboksi. CR-V zilizoruhusiwa na kiwanda kwa soko hilo zinaishia 2014. Kuanzia 2015 waliondoa giaboksi ya otomatiki ya gia tano wakaweka CVT, ile ya mkanda na puli, na ruhusa ikaishia hapo. Kwa nje ni karibu gari lile lile, umbo moja, viti vilevile. Ndiyo maana watu wanaingia mkenge.

Rafiki yako yake ni ya mwaka gani?

---

Mzururaji

Nimempigia sasa hivi. 2012.

Dah.

---

FundiSpana

Basi yeye hakukudanganya, na wewe hukukosea kumwamini. Mlikuwa mnazungumzia magari mawili yenye jina moja.

Ngoja nieleze kwa nini, maana hapa kila mwezi anakuja mtu na "weka nyutro twende". Kwenye otomatiki ya kawaida oili haijipeleki yenyewe. Kuna pampu, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Ukizima injini pampu imelala. Lakini gari likivutwa matairi yanazunguka, yanazungusha ekseli, ekseli zinazungusha shafti ya kutokea ndani ya giaboksi. Chuma kinasaga chuma saa tano mfululizo bila tone la oili. Nyutro inatenganisha injini na matairi, haizuii vyuma vya upande wa matairi kuzunguka. Nimeshafungua giaboksi ya namna hiyo: oili nyeusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, harufu ya kuungua, na visahani vya klachi vimekauka mpaka vinabomoka kwa kidole.

Giaboksi ya mkono nyingi zinaponea kwa sababu gia ya upande wa matairi imezama ndani ya oili, ikizunguka inairusha juu na kulainisha yenyewe. Nimesema nyingi. Ziko za mkono ambazo shafti inayorusha oili ni ile inayozungushwa na injini, na hizo zinakufa vilevile.

Kwa hiyo swali si "Honda au Ford". Swali ni: kitabu cha gari hili hili, mwaka huu huu, giaboksi hii hii, mfumo huu huu wa kuendesha, kinasemaje kwenye kipengele cha kuvutwa kwa safari za starehe? Hicho ni tofauti na kipengele cha kuvutwa gari likiharibika. Usisome kimoja ukadhani ni kingine.

---

MamaLamiRefu

Fundi amemaliza. Mimi ninayo CR-V ya 2013, mwaka wa saba naivuta, nikuonyeshe "nyutro twende" yenyewe inavyokuwa kwa gari lililoruhusiwa.

Asubuhi tukishafunga kila kitu, nakaa ndani ya CR-V, nawasha injini, mguu kwenye breki. Napitisha gia nafasi zote mpaka chini. Naweka D, nahesabu sekunde tano. Naweka nyutro. Halafu naiacha injini iungurume dakika tatu nzima. Mume wangu hizo dakika tatu anaziona kama mwaka, anazunguka gari anapiga matairi teke. Ndipo nazima, ufunguo unabaki nafasi ya kwanza ili usukani usijifunge. Hendibreki chini. Natoka.

Mwendo mwisho kilomita 100 kwa saa. Tukitembea zaidi ya saa nane, tunasimama narudia yote tangu mwanzo. Zile dakika tatu si mapambo, ndizo zinazojaza oili mahali pake kabla ya safari. Kuna mtu nilikutana naye kambini alikuwa anafanya dakika moja "kwa sababu asubuhi ni baridi na nina haraka". Mwaka uliofuata alikuwa na gari jingine.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatakuambia: ufunguo ukikaa nafasi ya kwanza siku nzima betri inaliwa. Mwaka wa kwanza tulifika jioni, nikageuza ufunguo, kimya. Sasa tuna waya mwembamba kutoka motahomu unaochaji betri ya CR-V tukiwa njiani. Fundi wa umeme anaufunga siku moja pamoja na taa.

---

NyutroKamili

Wakuu mnamtisha bure. Achukue gari la gia ya mkono awe na amani. Mimi ninayo Honda Fit ya mkono, kilo elfu moja mia na kidogo. Naweka nyutro, ufunguo wa usukani, basi. Hakuna kuhesabu sekunde. Na kwa sababu watu siku hizi hawataki klachi, bei yake inashuka. Wenzangu wanavuta Ford Focus za mkono, Fiat 500 za mkono, Chevrolet Sonic za mkono. Vigari vya watu wasioringa.

---

FundiSpana

Sikupingi, ila "la gia ya mkono" si leseni. Toyota kwa mfano, vitabu vyake vingi vinakataa moja kwa moja, na vile vya zamani vinavyokubali ni vya mkono tu. Subaru za mkono zinavutika, za CVT hapana. Na hiyo ya CVT usiipandishe hata kwenye kitrela cha matairi mawili, maana inaendeshwa matairi yote manne: mbele juu, nyuma yanazunguka chini, unavunja kitu katikati.

Fungua kitabu. Dakika tano.

---

Kipusa88

Samahani kwa swali la kitoto. Gari la umeme je? Halina giaboksi ya kuungua.

---

FundiSpana

Si la kitoto. Matairi yakizunguka yanazungusha mota, na mota ikizungushwa inazalisha umeme, upende usipende. Gari limezimwa, umeme huo hauna mahali salama pa kwenda, vitu vinapata moto. Tesla wamekataza waziwazi. Hilo ni la kupanda juu ya trela.

Haibridi ndiyo inachanganya. Ford Escape haibridi za 2005 hadi 2012 zilikuwa zinavutika vizuri tu, Prius hapana, na ukifungua ndani utaona mpangilio wa gia unafanana kiasi cha kushangaza. Kitabu, kitabu, kitabu.

---

BabaTrela

Nimesoma mpaka hapa nacheka. Mnanunua gari kwa kuangalia litavutwaje, badala ya kununua gari mnalolipenda. Chukua kitrela cha matairi mawili, kile wanachokiita doli. Matairi ya mbele juu, ya nyuma chini. Otomatiki yoyote inayoendeshwa matairi ya mbele inapanda, hata hiyo 2016 ya jamaa kama ni ya kuendeshwa mbele tu. Huhitaji kutoboa bampa, huhitaji kuhesabu sekunde. Ukiuza gari, doli inabaki.

---

MamaLamiRefu

BabaTrela, doli tulianza nayo. Siku ya mvua, tope mpaka kwenye kifundo cha mguu, unapiga magoti kukaza mikanda ya matairi, ukimaliza mgongo umekuwa wa bibi. Ukifika kambini gari limeshuka, doli yenyewe unaiweka wapi? Yetu tuliambiwa tukaiache getini. Pia doli ni kilo mia mbili na zaidi za kujumlisha kwenye mzigo. Matairi manne chini nafungua dakika tano, na mkono wa kuvutia unakunjwa unabaki nyuma ya motahomu.

Ila nakubali jambo moja: kwa mtu ambaye tayari ana gari la kuendeshwa matairi ya mbele na hana mpango wa kubadilisha, doli ni nafuu kuliko kununua gari jipya.

---

Mzururaji

Hilo nililiuliza. Ile 2016 ni ya kuendeshwa matairi yote manne. Doli nayo imekufa.

Muuzaji amekubali kurudisha nusu ya kishika uchumba. Nusu nyingine nimeiita ada ya shule.

Sasa nimeona Jeep Wrangler ya milango minne. Nasikia hizo ndizo mfalme wa kuvutwa.

---

TransfaKesi

Umefika nyumbani mkuu. Wrangler ina transfa kesi, lile boksi la kugawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, yenye nyutro yake, inakata giaboksi na matairi kabisa. Hata otomatiki inavutika. Hakuna kikomo cha saa nane, hakuna pampu ya kuwazia.

Ila fuata utaratibu. Transfa kesi nyutro, halafu jaribu: tia D, tia R, gari lisisogee hata inchi. Zima. Kisha giaboksi ya otomatiki iweke P. Ndiyo, P! Ya mkono iache kwenye gia. Watu wengi wanaogopa hapo, wanaweka kila kitu nyutro, halafu shafti ya giaboksi inaanza kuburuzwa taratibu bila oili. Ufunguo uache pale usukani uko huru.

Na si kila Jeep. Grand Cherokee yenye transfa kesi ya kasi mbili, sawa. Ile ya kasi moja, Quadra-Trac I, hapana. Cherokee za kuanzia 2014 ni zile tu zenye gia ya chini ya kupandia milima. Ukiangalia kiweko hakuna sehemu ya kuchagua gia ya chini, geuza uende zako.

---

MizaniKwanza

Mwanzisha uzi, kabla hujaipenda hiyo Wrangler. Ulisema bamba la chuma cha nyuma ni kilo 2,270 kwa hiyo uzito si tatizo. Hicho ndicho kipimo cha CHUMA. Motahomu yenyewe umeipima ikiwa imejaa?

Mlangoni upande wa dereva au ndani ya kabati kuna bamba jingine. Tafuta namba ya uzito wa jumla wa gari pamoja na kinachovutwa. Halafu jaza maji, jaza mafuta, pakia nguo, vyombo, mke, mbwa, nenda mizani ya malori upime. Toa.

---

Mzururaji

Nimerudi kutoka mizani. Nilikwenda nikijiamini.

Uzito wa jumla unaoruhusiwa vyote viwili: 6,900. Motahomu ikiwa imejaa, sisi wawili ndani: 4,960. Inabaki 1,940.

Wrangler ya milango minne nimeangalia, inacheza kwenye 1,900 na 2,000 na zaidi kidogo kutegemea toleo, kabla hujaweka chochote ndani.

---

MizaniKwanza

Na utaweka. Viti vya kukunja, baiskeli, jiko la mkaa. Kila mtu anaona gari la nyuma ni stoo ya bure. Toa pia uzito wa mkono wa kuvutia na breketi, kile chuma kinachofungwa mbele ya gari dogo ili mkono ushike.

Namba ndogo kuliko zote ndiyo yako: bamba la chuma, bamba la motahomu, daraja la mkono wa kuvutia, daraja la breketi. Mimi napenda kubaki chini yake kwa mia mbili au tatu hivi, maana milima haisomi bamba. CR-V za 2012 hadi 2014 ni 1,500 mpaka 1,600, unapumua. Fit ya NyutroKamili unaisahau kama iko nyuma.

---

NyutroKamili

Naisahau kweli. Ndiyo maana nina kamera ya nyuma.

---

AsiyerudiNyuma

Jina langu lina historia yake, na kwa vile hakuna aliyelitaja jambo hili, nitalisema mimi. UKIVUTA GARI MATAIRI MANNE CHINI, USIRUDI NYUMA. Hata mita tatu.

Safari yangu ya kwanza. Kituo cha mafuta kidogo, nimeingia kwa mbwembwe, pampu iko pembeni, nikajaza. Nasogea mbele kutoka: ukuta, na pipa la taka mbele yake. Kushoto motahomu haikati kona. Nikasema narudi kidogo tu. Nikatia R. Niliona kwenye kioo matairi ya mbele ya gari dogo yanageuka yenyewe, moja linaelekea dukani, jingine nalo likafuata, na mkono wa kuvutia ukaanza kujipinda kama mkono wa mtu aliyekamatwa na polisi. Nikasimama. Nikashuka kufungua. Pini haitoki, kwa sababu vyote viwili vimebanana vikiwa kwenye pembe. Nyuma yangu magari manne, mmoja anapiga honi kama harusi.

Dakika arobaini. Mwishowe kijana wa kituo alikaa kwenye gari dogo akageuza usukani kulegeza, mimi nikipiga pini kwa nyundo ya mahema.

Tangu siku hiyo kituo nisichokijua nashuka barabarani, natembea kwa miguu naangalia njia ya kutokea, ndipo naingia. Mke wangu anasema naonekana kama mkaguzi. Aonavyo ni sawa.

---

Kipusa88

Hahaha "moja linaelekea dukani".

Kwani tatizo ni nini hasa? Mbona trela linarudi?

---

FundiSpana

Trela halina usukani. Matairi ya mbele ya gari yamewekwa kwa mwegemeo unaoyafanya yajinyooshe gari likienda mbele, kama magurudumu ya kitoroli cha sokoni. Ukirudisha nyuma mwegemeo huo huo unayapindua. Na nguvu yote ya motahomu inaishia kwenye mkono wa kuvutia.

Ukinunua mkono chukua aina ambayo vitasa vyake vinafunguka hata vikiwa vimebanwa. Bei inapanda kidogo, lakini ukikumbuka nyundo ya mahema ya jamaa utaitoa.

---

Mzururaji

Nakubali kushindwa: Wrangler nimeiacha. Nimebaki na mawili. CR-V ya 2013 ambayo imetembea kiasi lakini imetunzwa, na Fit ya mkono ya bei ndogo zaidi. Mke wangu haendeshi klachi na hataki kujifunza uzeeni, kwa hiyo mnaweza kubashiri.

Swali la hela. Mbali na gari, vifaa ni vipi vya lazima na vipi ni vya kuwatajirisha wauzaji?

---

MamaLamiRefu

Hapo ndipo "gari la bei nafuu" linapogeuka. Vifaa na kuvifunga vinaweza kufika nusu ya bei ya gari la zamani, au zaidi kama gari lenyewe ni la kutupwa. Kwa hiyo usitafute gari la bei ya chini kabisa halafu ukashangaa.

Lazima: mkono wa kuvutia. Breketi inayofungwa kwenye chasisi nyuma ya bampa, na hii ni ya gari hilo hilo, haihamishiki. Kabla hujanunua gari hakikisha kuna mtu anayetengeneza breketi yake, maana magari mengine hayana. Minyororo au kamba za chuma za usalama, zipishane chini ya mkono. Taa: breki, indiketa, za nyuma, zifuate za motahomu. Wengine wanabandika taa za sumaku juu ya gari, zinafanya kazi mpaka siku moja zinaanguka zinaning'inia na waya.

Breki ya gari la nyuma ndiyo watu wanabishana. Kwangu ni lazima, na sehemu nyingi sheria inasema hivyo kuanzia uzito fulani.

Kifuniko cha kukinga mawe kisubiri, ingawa baada ya kilomita elfu kumi utakitafuta mwenyewe.

Na chuma cha motahomu kikiwa juu sana kuliko breketi, nunua kipande cha kushushia. Mkono ulale karibu sawa, tofauti isizidi inchi tatu. Ukiegemea sana, siku ya breki kali gari dogo linaingia chini ya motahomu au linanyanyua nyuma.

---

BabaTrela

Breki ya nyuma wengi hawana na wanafika.

---

MizaniKwanza

Wanafika wakiteremka taratibu na Mungu akiwa macho. Breki za motahomu zimepimwa kwa uzito wa motahomu. Ukitundika tani moja na nusu nyuma isiyojisimamisha, kwenye mteremko mrefu unanusa breki zako mwenyewe. Mimi nimezinusa.

---

FundiSpana

Kwenye breki niongeze, maana hapa watu wananunua kitu kizuri halafu wanaunguza gari.

Ziko za kufungwa moja kwa moja kwenye mfumo wa gari, na ziko za kisanduku kinachokaa mbele ya kiti cha dereva na mkono wake unabana pedeli. Kisanduku ni nafuu kwa mwenye kubadilisha magari. Lakini kumbuka injini imezimwa, kwa hiyo breki haina ule usaidizi wa injini. Pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Kabla ya kuset kisanduku, kanyaga breki mara nne tano injini ikiwa imezimwa mpaka iwe ngumu, ndipo uweke nguvu ya kubana. Ukiset pedeli ikiwa laini, vipimo vyote ni uongo.

Ukimaliza, kisanduku kisiguse pedeli kikiwa kimepumzika. Kikigusa kidogo tu, breki zinakaa zimeshika kilomita mia mbili, diski zinakuwa za bluu.

Usisahau waya wa dharura. Gari likichomoka, waya unavuta swichi na breki zinajikamata. Ufunge kwenye chasisi ya motahomu. Usiufunge kwenye mkono wa kuvutia, maana mkono ndio uliochomoka.

---

TransfaKesi

Ushuhuda wa aibu. Mwaka jana nilifunga Jeep vizuri, P, nyutro ya transfa, kila kitu. Hendibreki nikaisahau juu. Motahomu ina nguvu, sikuhisi kitu. Kilomita kumi na tano hivi jamaa wa pikapu akanipita akipunga mkono, nikampungia. Akarudi tena ananyoosha kidole nyuma. Nilidhani anasifia rangi.

Niliposimama, tairi la nyuma kulia lilikuwa linatoa moshi mweupe na limechongeka upande mmoja, bapa kama sahani. Ningekuwa na kamera kama ya NyutroKamili ningeona.

Sasa nikishafunga, mke wangu anasimama pembeni, mimi nasogea mita kumi, yeye anaangalia matairi manne yote yanazunguka na ya mbele yanageuka ninapokata kona. Asipoinua dole gumba siondoki.

---

Kipusa88

Nimecheka "nilidhani anasifia rangi" mpaka mtoto kaamka.

Wenye kipato kidogo zaidi je? Mimi hata CR-V ya 2013 naiona mbali.

---

FundiSpana

Kwako, dada, rudi nyuma miaka. Suzuki Sidekick na ndugu yake Geo Tracker, za 4x4 tu, zina transfa kesi yenye nyutro, kilo elfu moja mia mbili hivi, zilivutwa na kizazi kizima. Saturn za S, zile za paneli za plastiki, zilipendwa kwa sababu hata otomatiki yake iliruhusiwa. Tatizo chapa ya Saturn ilifungwa 2010, vipuri unawinda. Smart Fortwo nayo inavutika, kilo mia nane na kidogo, lakini watu wawili na mkate tu ndani.

Kwenye gari la miaka hiyo kagua kutu chini kabla ya kitu kingine. Breketi inashika kwenye chasisi. Chasisi ikiwa biskuti, hakuna cha kushika.

---

Mzururaji

Wakuu, mrejesho.

CR-V ya 2013 tumeichukua. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji kitabu, nikasimama pale pale kwenye maegesho nikasoma ukurasa wa kuvutwa kwa sauti, muuzaji akinitazama kama mlokole. Tumefunga breketi, mkono wenye vitasa vinavyolegea, taa na kisanduku cha breki.

Jana safari ya kwanza. Sekunde tano, nyutro, dakika tatu. Hendibreki chini, nimeigusa mara tatu. Mke wangu kasimama pembeni, kainua dole gumba. Baada ya kilomita kumi na tano nikasimama, nikaweka kiganja karibu na kila gurudumu: yote manne vuguvugu sawa. Kituo cha mafuta nilishuka nikatembea kwanza, na nakuambia AsiyerudiNyuma, kweli unaonekana kama mkaguzi.

Tumefika saa kumi jioni. Mkate hatuna. Safari hii tunaenda kuununua na gari dogo, nimekaa hapa nje na kahawa nawaandikia kwanza.

---

AsiyerudiNyuma

Karibu kwenye ukaguzi mkuu.

---

MamaLamiRefu

Hongera sana. Ule waya wa kuchaji betri mlifunga?

---

Mzururaji

Fundi alisema atamalizia wiki ijayo.

Ngoja nijaribu kuwasha.

---

Mzururaji

Kimya.

Kuna mwenye nyaya za kuchomekea betri kambi hii?